Bei Huiona Rangi Kabla ya Nondo

Fundi aliinama kwenye kona ya chumba cha nyuma, akapitisha ukucha wa kidole gumba kwenye ukuta uliopakwa rangi siku chache kabla ya sisi kufika, na kipande cha rangi chenye upana wa kiganja kikabanduka na kudondoka sakafuni. Nyuma yake palikuwa na unga mweupe ulioshikamana na lipu. Akaupangusa kwa kidole, akautazama kwenye mwanga wa dirisha, kisha akamgeukia dada yangu, ambaye ndiye aliyekuwa anatafuta nyumba ya kununua.

"Dada, hii ni chumvi. Maji yanapanda kutoka kwenye msingi, yakifika hapa yanakauka, chumvi inabaki. Rangi hii haitafika mbali."

Dalali aliyesimama mlangoni hakukanusha. Alisema tu kwamba bei iliyotajwa ndiyo bei ya eneo lile, na kwamba nyumba nyingine tuliyokuwa tumetoka kuiona jirani na pale, yenye ramani ileile na umri uleule, ilikuwa inauzwa kwa kiasi kinachokaribiana sana. Alikuwa anasema kweli. Nyumba ile nyingine ilikuwa na rangi iliyofifia na mlango wa mbele uliochubuka, lakini mifereji ya paa lake ilikuwa haina hata jani, misumari ya bati iliyolegea ilikuwa imebadilishwa, na kuta zake za chini zilikuwa kavu kila mahali fundi alipoweka kiganja.

Ukuta mmoja ulikuwa mkavu, mwingine ulikuwa unanyonya maji, na bei ilikuwa moja.

Tangu siku ile jambo hilo limekuwa likinirudia. Nimelisomea, nimewauliza wanaojenga na wanaothamini majengo, na bado sehemu yake inanisumbua. Ninaandika kwa sababu nadhani wengi wetu tunaamini kwamba nyumba iliyojengwa vizuri na kutunzwa vizuri huuzwa kwa bei nzuri, na imani hiyo ni kweli kwa namna iliyopinda kuliko nilivyodhani.

Mthamini anaona nini

Wathamini hutumia zaidi njia tatu. Ya kwanza ni kulinganisha nyumba na nyingine zilizouzwa karibuni katika eneo hilo. Ya pili ni kukadiria gharama ya kuijenga upya leo, kutoa uchakavu, kisha kuongeza thamani ya ardhi. Ya tatu ni kuangalia kodi ambayo nyumba inaweza kuingiza. Kwa nyumba ya kawaida ya kuishi, njia ya kwanza ndiyo inayotawala, na ndani yake hali ya jengo mara nyingi huwa mstari mmoja tu katika ripoti: nzuri, ya wastani, mbaya.

Wachumi nao wana namna yao ya kulieleza jambo hili. Mwaka 1974 Sherwin Rosen aliweka msingi wa kuitazama bei ya kitu kama jumla ya bei za sifa zake. Kwa nyumba, hiyo ina maana ya chumba kimoja zaidi, bafu la ndani, ukubwa wa kiwanja, umbali wa kwenda kazini, kila kimoja kikiwa na uzito wake katika bei ya mwisho. Mtazamo huo umewasaidia watafiti wengi, lakini una sharti ambalo ni rahisi kulipita bila kulitambua, nalo ni kwamba sifa haiwezi kupata bei sokoni kama mnunuzi haioni. Idadi ya vyumba inahesabika kwa dakika moja. Unene wa zege linaloifunika nondo ndani ya nguzo hauhesabiki kwa macho kabisa.

Kisha kuna ardhi. Ardhi haichakai. Mahali ambapo kiwanja chenyewe ndicho sehemu kubwa ya bei, nyumba inaweza kuoza mpaka kenchi zikaonekana na bado ikauzwa kwa fedha nyingi, kwa sababu mnunuzi ananunua mahali na huenda atabomoa kila kitu. Mahali ambapo ardhi ni rahisi kupatikana, jengo ndilo linalobeba karibu thamani yote, na hapo uzembe wa mwenye nyumba unakula moja kwa moja kwenye akiba yake. Kwa hiyo anayesema matunzo hayana maana kwa bei na anayesema yana maana kubwa wanaweza wote kuwa sahihi, kila mmoja kwa eneo lake.

Ndoo moja ya maji

Nilimwomba fundi anieleze kosa ambalo hufanyika mara nyingi zaidi na ambalo mnunuzi hawezi kuliona. Hakufikiri muda mrefu. Alisema ni maji kwenye zege.

Saruji inahitaji maji ili igande, lakini kiasi inachokihitaji kwa kazi hiyo ni kidogo kuliko kile kinacholifanya zege liwe laini na jepesi kumwaga. Jua linapokuwa kali na vibarua wamechoka kusukuma zege zito, mtu huongeza ndoo. Zege linateleza vizuri, nguzo inajaa haraka, kazi inaisha mapema, na likishapigwa lipu hakuna anayeweza kutofautisha. Maji yaliyozidi yanapokauka huacha vinyweleo vingi, na zege lenye vinyweleo vingi huwa dhaifu na hupitisha hewa na unyevu. Hili si jambo jipya. Mwaka 1918 Duff Abrams, mtafiti wa Marekani, alichapisha uhusiano kati ya uwiano wa maji kwa saruji na nguvu ya zege, na kila mhandisi anaufahamu mpaka leo.

Kinachofuata hutokea polepole sana. Zege zima lina ualikali mkubwa, yaani kinyume cha uasidi, kiasi cha 12 hadi 13 kwenye kipimo cha pH, na ualikali huo huipa nondo utando mwembamba unaoizuia kushika kutu. Hewa ya kabonidioksidi inapopenya kupitia vinyweleo, ualikali hupungua kidogo kidogo, na pH ikishuka chini ya takriban 9 utando ule haudumu. Kuanzia hapo nondo ikipata maji na oksijeni inashika kutu, na kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma iliyotokana nacho, inalisukuma zege kutoka ndani mpaka linapasuka na kumeguka.

Jambo lililonishtua zaidi ni hesabu ya muda. Kina cha upenyaji huu hakiongezeki kwa mwendo mmoja. Hufuata kipeuo cha pili cha muda, kwa hiyo ukipunguza unene wa zege juu ya nondo hadi nusu, muda wa kinga unapungua hadi karibu robo. Vile vipande vidogo vya zege vinavyowekwa chini ya nondo ili zisilalie mbao zinazoshikilia zege bichi ni miongoni mwa vitu vya bei rahisi kabisa kwenye eneo la ujenzi. Vikisahauliwa, mnunuzi wa tatu wa nyumba hiyo ndiye atakayelipa, na hatajua alikuwa analipia nini.

Mhandisi W. R. de Sitter alipendekeza mwaka 1984 kile kinachojulikana kama kanuni ya tano. Fedha moja isiyotumika kwenye ubora wakati wa kusanifu na kujenga huja kudai tano za matengenezo kabla uharibifu haujaanza, 25 za ukarabati ukishaanza, na 125 ukishasambaa. Sidhani kama alikusudia tarakimu hizo zichukuliwe kama vipimo vya kila jengo. Mwelekeo wake, hata hivyo, unalingana na kila nilichoonyeshwa kwenye kuta halisi.

Shaka ya kwanza

Hapa ndipo nilipokwama kwa muda.

Kama ubora uliofichika hauonekani, basi bei haiwezi kuulipa. Na kama bei haiulipi, kwa nini mtu ajenge vizuri nyumba anayokusudia kuiuza? Mwaka 1970 George Akerlof, ambaye baadaye alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2001 pamoja na Michael Spence na Joseph Stiglitz, alionyesha kwa mfano wa magari yaliyotumika kwamba muuzaji anapojua hali ya kitu na mnunuzi haijui, mnunuzi hukubali kulipa bei ya kitu cha wastani tu. Mwenye kitu kizuri anaona anadhulumiwa, anajitoa sokoni, na wastani unazidi kushuka.

Nyumba zinaingia katika maelezo hayo vizuri kuliko ningependa. Mwenye nyumba ya rangi iliyofifia alikuwa ametumia fedha kwenye mifereji, kwenye bati, kwenye kuelekeza maji ya mvua mbali na msingi. Mwenye nyumba ya rangi mpya alikuwa amenunua ndoo chache za rangi. Soko liliwapa bei moja. Ukiniuliza siku ile nani alifanya hesabu nzuri zaidi, ningelazimika kusema ni yule wa pili, na jibu hilo lilinikera.

Nilijaribu kujiambia kwamba anayetunza nyumba analipwa kwa kuishi vizuri ndani yake, na hilo ni kweli: halali chini ya dari linalovuja, na kifua cha mtoto wake hakisumbuliwi na fangasi. Lakini nilikuwa ninauliza kuhusu bei, na jibu hilo lilikuwa linaukwepa mjadala.

Pale nilipogeuka

Nilianza kuona njia pale nilipoacha kuuliza ni kiasi gani matunzo yanaongeza, nikauliza ni kiasi gani kutotunza kunapunguza.

Hakuna mtu anayelipa ziada kwa sababu paa halivuji. Paa kutovuja ni kitu ambacho kila mnunuzi anakichukulia kuwa haki yake tayari. Lakini mnunuzi akiona doa moja la kahawia kwenye dari, hatoi gharama ya kubadilisha bati moja peke yake. Anatoa gharama ya bati, ya kenchi ambazo hajaziona, ya nyaya za umeme ambazo huenda zimelowa, ya usumbufu wa mafundi ndani ya nyumba, kisha anatoa tena kiasi kingine kwa ajili ya hofu tu, kwa kuwa mtu aliyeliacha doa hilo huenda ameacha na mengine. Wathamini hutofautisha uchakavu unaotibika kwa faida, yaani ule ambao gharama ya kuurekebisha ni ndogo kuliko thamani inayorudi, na ule usiotibika kwa faida. Kasoro nyingi ndogo zinazoonekana huangukia kundi la kwanza, na sababu kubwa ni hiyo hofu. Mnunuzi huipandisha gharama akilini mwake kuliko ilivyo mikononi mwa fundi.

Kuna pia mkopeshaji. Mnunuzi anaweza kuipenda nyumba na kuuvumilia ufa wake, lakini anayetoa mkopo huangalia kama dhamana itakuwa imesimama mpaka deni liishe. Akikataa, idadi ya wanunuzi inabaki kuwa wale tu wenye fedha taslimu, nao wanajua hivyo na wanapanga bei yao. Kwa hiyo kutotunza hakupunguzi bei kwa mteremko mmoja. Kwa miaka mingi hakupunguzi karibu chochote, kisha siku kasoro inapovuka mstari fulani, bei inaanguka kwa mkupuo.

Mwenye rangi mpya alikuwa anauza akiwa bado upande wa huku wa mstari huo.

Pazia linapoondolewa

Tarehe 24 Juni 2021 sehemu ya jengo la ghorofa 12 la Champlain Towers South, lililoko Surfside katika jimbo la Florida, Marekani, liliporomoka usiku na kuua watu 98. Lilikuwa limekamilika mwaka 1981. Ripoti ya mhandisi ya mwaka 2018 ilikuwa imeeleza kwamba kinga ya kuzuia maji chini ya eneo la bwawa la kuogelea ilikuwa imeshindwa kazi na kwamba slabu ya zege iliyo chini yake ilikuwa inaharibika. Wachunguzi wa serikali walieleza baadaye kwamba slabu hiyo ilikuwa na upungufu wa nguvu tangu kwenye usanifu wake. Jengo moja likawa limebeba mambo mawili ninayoyaandikia, ubora uliokosekana mwanzoni na matengenezo yaliyocheleweshwa.

Nimeirudia habari hii mara nyingi kwa sababu ya kile kilichotokea kati ya 2018 na 2021. Wamiliki walibishana. Mchango wa ukarabati uliopitishwa mwaka 2021 ulifikia takriban dola milioni 15 kwa jengo zima, na kwa kila mwenye fleti ulianzia kama dola 80,000 na kupita dola 330,000 kwa fleti kubwa zaidi. Ninawaelewa waliosita. Mtu aliyenunua fleti miaka mingi nyuma kwa bei ambayo haikutaja slabu popote alikuwa anaambiwa alipe sasa kile ambacho bei ilikuwa imekinyamazia, na kwa wastaafu kiasi hicho kilikuwa kizito mno.

Mwaka 2022 Florida ilipitisha sheria ya ukaguzi wa lazima kwa majengo ya fleti ya ghorofa tatu na zaidi yanapofikisha miaka 30, na ikavibana vyama vya wamiliki visiruke tena kuweka akiba ya matengenezo ya mihimili ya jengo. Kilichofuata ndicho kinachonisaidia kufikiri. Majengo hayakuwa mabovu zaidi kuliko yalivyokuwa mwaka uliotangulia. Kilichobadilika ni kwamba sasa hali yake ililazimika kuandikwa. Michango ya kila mwezi ilipanda, na fleti za majengo ya zamani zikawa ngumu kuuza kwa bei za awali.

Huko Uingereza, baada ya moto wa jengo la fleti la Grenfell Tower wa tarehe 14 Juni 2017 uliowaua watu 72, ilibainika kwamba majengo mengi yalikuwa yamevikwa vifuniko vya nje vinavyoshika moto. Wakopeshaji wakaanza kudai uthibitisho wa usalama wa kuta za nje, na fomu maalumu ikaanza kutumika Desemba 2019. Wapo wamiliki walioambiwa kwamba, kwa madhumuni ya mkopo, fleti zao zilikuwa na thamani ya sufuri. Walikuwa wanapika na kulala ndani ya kitu kilichoandikwa sufuri.

Mfano wa New Zealand unanisumbua kwa namna nyingine. Katika miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 nyumba nyingi huko zilijengwa kwa kuta za nje zilizobandikwa moja kwa moja juu ya mbao zisizotiwa dawa, bila nafasi ya maji kutokea, na nyingi zikiwa na upenu mfupi au zikiwa hazina kabisa. Maji yaliingia, hayakutoka, mbao zikaoza. Tathmini ya mwaka 2009 ilikadiria nyumba zipatazo 42,000 na gharama ya dola za nchi hiyo bilioni 11.3. Lakini doa hilo lilizifikia hata nyumba zilizokuwa nzima, kwa sababu tu sura yake ilifanana na zilizooza. Mwenye kujenga vizuri kwa mtindo ule aliadhibiwa pamoja na aliyejenga vibaya. Ni hoja ya Akerlof ikiwa imejengwa kwa mbao na lipu.

Bahasha ya picha

Kwa hiyo ubora ambao hauna ushahidi hauna bei, na ushahidi unapatikana kwa urahisi mara moja tu, yaani kabla ya kufunika.

Mwenye nyumba ya rangi iliyofifia alikuwa na bahasha. Tulipomuuliza kuhusu msingi hakutoa ahadi, alitoa picha. Nondo za mkanda wa msingi zikiwa zimefungwa kabla ya zege, karatasi ya nailoni ya kuzuia unyevu ikiwa imetandazwa chini ya sakafu, bomba za maji taka zikiwa wazi na kipimamaji kikiwa kimelazwa juu yake kuonyesha mteremko. Chini yake palikuwa na risiti za kubadilisha bati na maelezo mafupi ya mkono kuhusu kila mwaka mfereji uliposafishwa. Fundi alizipitia polepole, akarudia ile ya nailoni, akasema, "Huyu mzee alisimama kwenye kazi."

Dada yangu aliinunua nyumba hiyo, na hakubishana sana juu ya bei.

Nilichokiona pale ni kwamba bahasha ilikuwa imefanya kazi ambayo ukuta mkavu peke yake usingeweza. Ukuta mkavu unasema kwamba leo hakuna maji, lakini picha ya nailoni inasema kwa nini, na mnunuzi anayejua kwa nini hana haja ya kutoa kiasi cha hofu. Hata hivyo muuzaji yule hakupata zaidi ya jirani yake. Alichopata ni kuuza mapema, kwa mtu ambaye hakurudi na orodha ya madai. Kama wanunuzi wote wangedai bahasha ya namna hiyo, nyumba isiyo nayo ingeanza kushuka bei, na hapo ndipo anayeongeza ndoo ya maji kwenye zege angeanza kuhesabu hasara yake mwenyewe.

Shaka iliyobaki

Ninaamini hoja hiyo, lakini kuna watu ambao siwezi kuwaambia hivyo bila kusita.

Matunzo yanahitaji fedha kwa wakati wake. Mfereji ukiziba leo, kuusafisha ni kazi ya ngazi na mikono. Ukiachwa, maji yanafurika kwenye ubao wa ukingo wa paa, ubao ukikaa na unyevu wa zaidi ya takriban asilimia 20 kwa muda mrefu unakuwa chakula cha kuvu, ncha za kenchi zinalegea, dari linashuka, na ukuta chini yake unaanza kumeguka lipu. Mwenye kipato cha uhakika hukatisha mnyororo huo kwenye hatua ya kwanza. Mwenye mwaka mbaya, aliyefiwa au kupoteza kazi, huukuta kwenye hatua ya nne, na siku anapolazimika kuuza, soko linamkata gharama ya hatua ya nne pamoja na hofu juu yake. Anakatwa kana kwamba hakujali, ilhali alijali na hakuwa nazo.

Kwa mpangaji ni vigumu zaidi. Yeye ndiye anayeliona doa kwanza, na thamani inayookolewa si yake; mwenye nyumba ndiye anayemiliki thamani hiyo, na hakai humo. Katika majengo ya fleti shida hiyo inajirudia kati ya wamiliki wenyewe, kwa sababu anayekusudia kuuza mwaka ujao ana kila sababu ya kupiga kura dhidi ya akiba ya paa ambalo halitamvujia yeye. Florida iliamua kwamba kura hiyo isiachwe mikononi mwao, ikawalinda wanunuzi wa kesho, na kwa sheria hiyohiyo ikawasukuma baadhi ya wazee kuuza nyumba ambazo hawangeweza tena kulipia michango yake. Sioni namna ambavyo ukaguzi huo ungeweza kuachwa baada ya vifo vya watu 98. Sioni pia nani, mbali na umma kwa mkopo nafuu au ruzuku, angeweza kuwabebea wazee hao gharama ambayo bei za miaka arobaini hazikuwahi kuwaonyesha.